Shajara ya Mradi wa Kiharusi, Lamu: Watu, Makosa na Saa

Mimi ni mratibu wa kazi za nyanjani katika kikundi cha utafiti wa kiharusi cha chuo kikuu kimoja cha hapa Kenya, kinachotaka kujua wagonjwa wa Lamu hupoteza saa wapi kabla ya kufika hospitalini, na shajara hii ninaiandika ili wenzetu watakaotaka kufanya kazi ya namna hii katika visiwa au miji ya pwani wasilazimike kuanzia pale tulipoanzia sisi. Majarida ya kitabibu huchapisha majina ya madaktari na hesabu za mwisho, lakini hayasemi ni nani aliyepanda ngazi za nyumba ya ghorofa akiwa amekumbatia mashine ya presha, wala ni nani aliyegundua kwamba swali la nne halikueleweka na mtu yeyote. Hao ndio ninaotaka wajulikane. Kwa makubaliano yetu, na kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, simtaji mtu yeyote kwa jina, awe mgonjwa au mtafiti. Kila mmoja namtaja kwa kazi yake.

13 Januari 2025: Watu na vibali

Kikundi kimekamilika. Kiongozi wetu ni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu anayefundisha chuoni, na mtakwimu wetu yuko Nairobi. Hapa Lamu tuko wanane: mimi, muuguzi mwenye uzoefu mrefu wa wodini, mtaalamu wa viungo, wakusanyaji data wanne, wakiwa wanawake wawili na wanaume wawili, na nahodha wa boti. Nahodha nilimwandika katika orodha ya kikundi tangu mwanzo, na msimamizi wa fedha akanirudishia orodha hiyo akiuliza kwa nini asiwekwe katika fungu la usafiri. Nilimjibu kwamba njia ya kuelekea Pate, Siyu na Faza hupita katika mkondo wa Mkanda, na mkondo huo haupitiki maji yakiwa yamekupwa. Kwa hiyo mtu anayejua maji yatajaa wakati gani ndiye anayeamua ni mgonjwa gani atafikiwa leo na ni yupi atakayengoja hadi kesho.

Vibali vitatu vilihitajika: cha kamati ya maadili ya chuo, cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na cha idara ya afya ya kaunti. Tuliviomba vyote kwa pamoja, vikakwama, kwa kuwa kila ofisi ilitaka kuona barua ya mwenzake. Anayeanza leo na aanze na kamati ya maadili.

Maana ya kiharusi tumeichukua kutoka Shirika la Afya Duniani: dalili za ghafla za kuharibika kwa kazi ya ubongo, zinazodumu zaidi ya saa 24 au kuishia katika kifo, bila sababu nyingine inayoonekana isipokuwa ya mishipa ya damu. Tumeichagua kwa sababu yaweza kutumiwa na mtu aliyekaa kitandani pa mgonjwa bila mashine yoyote. Kielelezo chetu cha karibu ni kazi iliyofanywa Tanzania, wilayani Hai na Dar es Salaam, kati ya 2003 na 2006, ambayo Richard Walker na wenzake waliichapisha mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri, walipata wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayotajwa na kila mtu. Mimi nilichokitazama zaidi ni kwamba hesabu hizo zilisimama juu ya watu wa vijijini na mitaani waliokuwa wakitoa habari kila mtu alipougua au kufariki. Bila hao, daktari angehesabu waliofika hospitalini peke yao.

3 Februari 2025: Tafsiri iliyokuwa sahihi na isiyofaa

Tunatumia hojaji fupi ya maswali nane, inayojulikana na watafiti wengi wa Afrika, ya kumtambua mtu ambaye hajawahi kupata kiharusi. Ilitafsiriwa chuoni, ikarudishwa katika Kiingereza na mtu wa pili, na tafsiri zikalingana neno kwa neno. Tulifurahi, tukachapisha nakala 200, tukaenda kuijaribu katika mtaa wa Langoni.

Swali lililotushinda lilikuwa hili: "Je, umewahi kupata udhaifu wa ghafla usio na maumivu katika upande mmoja wa mwili?" Karibu kila mzee alijibu ndiyo, kwa kuwa udhaifu ni jambo la uzee na hakuna mzee asiye nao. Kisha tukampata mzee mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika kifuani na mdomo umepinda, naye akajibu hapana bila kusita. Mkusanyaji data alipomuuliza juu ya mkono ule, alisema mkono wake si dhaifu, mkono umelala. Jina la ugonjwa nalo halikutusaidia. Kuna wanaosema kiharusi wakikusudia msuli kukaza, na wako wanaosema kiharusi wakikusudia upepo au pepo. Na neno kupooza hutumiwa pia kwa mtu aliyelemaa tangu utotoni.

Tulikaa siku mbili na mabibi wawili wakongwe wa mtaa wa Mkomani, tukawaeleza jambo lenyewe badala ya kuwapa maneno, nao wakatupa maneno. Swali sasa linasema: "Je, imewahi kutokea ghafla upande mmoja wa mwili ukalala, ukawa huwezi kuuinua mkono au mguu?" Wakusanyaji data wameruhusiwa kusema kitwa, mato na upande mmoya, kwa lahaja ya Kiamu, wanapozungumza na wazee wa hapa mjini, na huko Faza na Kizingitini maswali yataulizwa na Mbajuni. Hojaji ya pili hailingani tena neno kwa neno na ya Kiingereza, na kiongozi wetu alihitaji muda kulikubali hilo. Alilikubali baada ya kuja mwenyewe na kumsikiliza yule mzee.

Jambo jingine tulilolirekebisha ni la uso. Kuukagua mdomo uliopinda kunataka uso uonekane, na ratiba yetu ilikuwa imewagawa wakusanyaji data kwa kura, bila kuangalia ni mwanamume au mwanamke. Mabibi walituambia wazi kwamba mwanamume mgeni hataonyeshwa uso, na kwamba watu watakataa kwa adabu, watasema mgonjwa amelala. Sasa wanawake huenda kwa wanawake.

Gharama: shilingi 38,000 za tafsiri ya pili na vikao vyake, na shilingi 14,000 za nakala zilizotupwa.

24 Februari 2025: Presha

Tumeanza kuwapima watu, na muuguzi amegundua kosa kabla mtakwimu hajaliona. Vipimo vya mkusanyaji data mmoja vilikuwa vyote vikiishia na sifuri: 130/80, 140/90, 150/90. Kijana huyo hakuwa amebuni chochote. Mashine ya kusikiliza kwa sikio ina mshale unaotikisika, mtaa una kelele, punda wanapita, na jicho hujipumzisha penye mstari mkubwa. Lakini 140/90 ndipo mpaka wa kumwita mtu kuwa ana presha ya juu, na presha ya juu ndiyo sababu kubwa kuliko zote za kiharusi. Anayesukuma vipimo kuelekea kwenye sifuri huwavusha watu mpaka, wengine kuingia, wengine kutoka.

Tulinunua mashine nne za kidijitali kwa shilingi 30,000, na mikanda minne mipana ya wenye mikono minene kwa shilingi 10,000, kwa kuwa mkanda mwembamba kwenye mkono mnene hutoa kipimo cha juu kuliko ukweli. Hata hivyo vipimo viliendelea kuwa juu. Nilifuatana na muuguzi siku nzima nikaona sababu. Tulikuwa tukipimia dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, na mzee wa Lamu aliyekaa dakani huamkiwa na kila apitaye, naye hawezi kuacha kuitikia salamu. Mtu akizungumza huku anapimwa, presha hupanda. Wengine walikuwa wameshuka ngazi sasa hivi kuja kutulaki, na mkanda ulifungwa juu ya mkono wa kanzu. Utaratibu mpya ni kuingia ndani, kungoja dakika 5 kwa kimya, mkono wazi uliolazwa juu ya meza au mto usawa wa moyo, kupima mara tatu, kuacha kipimo cha kwanza na kutafuta wastani wa viwili vya mwisho. Watu 31 tuliowapima kabla ya hapo wamerudiwa, na waliokataa tumeondoa presha yao katika data bila kuikisia.

Muuguzi ameomba swali la chumvi libadilishwe pia. Hojaji ya kigeni inauliza kama mtu huongeza chumvi mezani, na hapa wengi hujibu hapana kwa ukweli kabisa. Chumvi yao imo katika ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, katika achari na katika mchuzi uliokwisha kutiwa jikoni. Tumeongeza swali la ng'onda.

17 Machi 2025: Ramadhani

Ziara zimehamishiwa usiku, baada ya tarawehe. Jambo moja lililojitokeza ni kwamba wanaotumia dawa mara tatu kwa siku wameacha dozi ya mchana, na baadhi yao wameacha zote. Utafiti wetu haukupangwa kutoa matibabu, lakini hatuwezi kuandika jambo hili tukaondoka. Muuguzi huwaelekeza warudi kliniki wakapangiwe dawa za futari na daku, na yeyote mwenye 180/110 au zaidi hupelekwa siku hiyo hiyo.

28 Aprili 2025: Saa

Hili ndilo kosa letu kubwa, nami nalieleza kwa urefu kwa sababu naamini kila kikundi kitakachofanya kazi hii kwa Kiswahili kitalipata.

Mwezi uliopita mtakwimu alinipigia simu na swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa na wagonjwa wanane ambao, kwa mujibu wa data zetu, walifika hospitalini kabla ya kuugua. Wengine wengi walionekana kuugua kati ya saa za usiku mkubwa na alfajiri, wengi kupita kiasi.

Yafaa nieleze kwanza kwa nini saa ina uzito huu. Kiharusi kina namna mbili kubwa: mshipa wa ubongo huziba, au hupasuka na kuvuja damu. Kwa aliyeziba mshipa ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa inafaa ikitolewa ndani ya saa tatu, na utafiti wa Ulaya wa mwaka 2008 ukaongeza muda huo hadi saa nne na nusu. Kwa anayevuja damu, dawa hiyo hiyo yaweza kumuua, kwa hiyo lazima skani ya kichwa itangulie. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba mtu aliyeziba mshipa mkubwa hupoteza seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 kila dakika inayopita bila tiba. Kutoka visiwani hadi Mombasa ni bahari kwanza, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara. Hatuna udanganyifu kwamba mradi wetu utaufuta umbali huo. Tunachotaka kumwonyesha anayepanga huduma za kaunti ni mahali saa zinapopotelea: nyumbani, gatini, majini, au barabarani. Saa ikiandikwa vibaya, mradi mzima hauna maana.

Makosa yalikuwa matatu, moja ndani ya jingine. La kwanza lilikuwa la kuhesabu. Kishikwambi tunachojazia fomu hutaka saa 24 zinazoanzia usiku wa manane, ilhali Mswahili huhesabu tangu jua kuchomoza na tangu jua kuzama. Wakusanyaji data wawili walikuwa wakibadilisha kichwani kabla ya kuandika, wa tatu alikuwa akiandika namba kama alivyoisikia, na wa nne alibadilisha siku ambazo hakuchoka. Mama mmoja aliyeanguka saa kumi alfajiri aliandikwa kuwa ameanguka 10:00, na rejista ya hospitali inaonyesha alipokelewa 07:40. Mwingine aliyeugua saa tatu asubuhi aliandikwa 03:00, akaonekana kama amekaa nyumbani saa sita zaidi ya alizokaa, na familia yake ingehesabiwa kuwa miongoni mwa waliochelewa.

Kosa la pili lilikuwa la siku. Kwetu siku huingia magharibi. Bibi akisema usiku wa Ijumaa anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya kishikwambi bado ni Alhamisi. Kijana wetu aliyekulia bara aliandika Ijumaa usiku, na mgonjwa aliyefikishwa hospitalini Ijumaa mchana akawa amefika kabla ya kuugua. Mimi nimezaliwa Mkomani na neno hili nimelisikia tangu utotoni, na ndiyo maana halikunipitikia kwamba laweza kumpoteza mtu.

La tatu lilikuwa la swali lenyewe. Tuliuliza "Ugonjwa ulianza lini?" na watu wakatuambia habari ya presha iliyoanza miaka mingi nyuma, au kizunguzungu cha wiki iliyopita, au, kwa aliyeamka asubuhi akiwa hawezi kuinuka, saa aliyoamka. Kanuni ya kitabibu kwa mtu aliyeamka na kiharusi ni kuhesabu tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima, yaani alipokwenda kulala. Tofauti yaweza kuwa usiku mzima.

Mtakwimu alipendekeza tuongeze au tupunguze saa sita pale penye shaka. Muuguzi alikataa, na nakumbuka alivyosema: hatujui ni nani aliyebadilisha na ni nani ambaye hakubadilisha, na tukianza kusahihisha kwa kukisia, tutakuwa tumeyaficha makosa badala ya kuyaondoa. Kiongozi alimuunga mkono, ingawa uamuzi huo ulikuwa na maana kwamba ripoti yake kwa wafadhili ingechelewa. Tulizirudia fomu 57, nyumba kwa nyumba. Fomu 44 zilisahihishwa kwa ushahidi wa watu wawili au kwa rejista. 13 zimeandikwa "haijulikani" na zitabaki hivyo. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu na shilingi 62,000.

Utaratibu mpya ni huu. Hatuulizi tena saa kwanza. Tunauliza ni nani aliyemwona mgonjwa akiwa mzima kwa mara ya mwisho na alikuwa akifanya nini, kisha ni nani aliyemwona akiwa na dalili kwa mara ya kwanza. Kila jibu hufungwa na sala: kabla au baada ya adhana ya alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Lamu iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo nyakati hizo hazisogei sana mwaka mzima, na kadi moja yatosha. Kwa wavuvi tunauliza pia kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, kisha tunalinganisha na jedwali la maji la siku hiyo. Mkusanyaji data huandika maneno kama yalivyosemwa, na programu ndiyo inayobadilisha, si kichwa cha mtu. Kwa usiku, huandika siku mbili: "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa".

Kadi ya sala haikufaa Mpeketoni, ambako wengi ni walowezi kutoka bara na si Waislamu. Huko tunafunga majibu na kengele ya shule, na taarifa ya habari ya redio ya saa moja, na wakati wa kukamua ng'ombe.

16 Juni 2025: Kusi, daftari la nahodha, na mkandaji

Upepo wa kusi umeshika. Safari tano za Faza na Kizingitini zimeahirishwa, mbili kati yake tukiwa tayari majini, na petroli iliyopotea kwa kugeuza njiani pamoja na malipo ya boti zilizokwisha kukodiwa ni shilingi 27,500. Anayepanga bajeti ya visiwa asiigawe kwa miezi sawasawa. Miezi ya kusi hula fedha na haitoi data.

Tukiwa tumekwama gatini, nahodha alitoa daftari katika kisanduku cha mbele ya boti. Kwa muda mrefu, kabla hata ya mradi huu kuwapo, amekuwa akiandika kila safari aliyombeba mgonjwa: alipoitwa, alipong'oa nanga, maji yalikuwaje, na kilichomchelewesha. Aliandika "maji makavu Mkanda, tumengoja", akaandika "wanangoja ruhusa ya mkubwa wa nyumba", akaandika "petroli imetafutwa". Hii ndiyo habari tuliyokuwa tukiitafuta kwa vishikwambi tangu Februari. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu kwa upole, "Bwana mratibu, hamkuniuliza." Nilikuwa nimemtetea mbele ya msimamizi wa fedha kama mtafiti, na bado nilimtumia kama mtu wa kuendesha boti tu. Kwa idhini yake, na kwa idhini mpya ya kamati ya maadili, tumenakili safari zinazohusu wagonjwa wa namna hii bila majina. Sasa hukaa katika kikao cha kila Alhamisi.

Katika fomu yetu kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa "alikwenda kwa mganga", na kilihesabiwa miongoni mwa sababu za kuchelewa. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyesema tusimhukumu mtu ambaye hatujazungumza naye, nasi tukaenda kijiji cha Matondoni kumwona mkandaji mmoja mzee anayeheshimika. Alitukaribisha kwa kahawa, akasikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi siwaiti. Wao hunijia, kwa kuwa mimi niko karibu nanyi mko mbali." Alitueleza kuwa wengi humjia wakiwa wamekwisha rudi kutoka hospitalini, wakitafuta mkono urejee. Alikubali kwamba aliyepinda mdomo au kushindwa kusema ghafla siku hiyo hiyo, apelekwe hospitalini kwanza, naye atakuja baadaye. Mtaalamu wa viungo alimwomba naye jambo moja: asiuvute mkono uliolala, kwa sababu bega lisilo na nguvu za misuli huchomoka kwa urahisi na maumivu yake huweza kudumu. Walikaa pamoja hadi alasiri, kila mmoja akimwonyesha mwenzake namna anavyoushika mkono wa mgonjwa. Katika fomu sasa kuna visanduku viwili, "kwa mkandaji kabla ya hospitali" na "kwa mkandaji baada ya hospitali", na havimaanishi jambo moja.

11 Agosti 2025: Siku ya 90

Kila mgonjwa hutazamwa tena siku ya 90 kwa kipimo cha Rankin cha kupima ulemavu baada ya kiharusi, kilichoanzia Glasgow mwaka 1957, ambacho katika umbo lake la sasa huanzia 0 kwa asiye na dalili hadi 6 kwa aliyefariki. Ni kipimo chepesi kwa kukitazama. Nambari za simu ndizo zilizotangulia kutushinda: nyingi zilikuwa za watoto wa kiume walioko baharini au Mombasa, na baadhi zilikuwa zimekwisha kufungwa. Tangu Julai tunachukua nambari tatu, moja ikiwa ya jirani wa kike, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mgonjwa amehamia kwa binti yupi.

Kosa zito zaidi lilitokea kwa simu. Mkusanyaji data mmoja alimpigia mgonjwa ili kumpangia ziara, na aliyepokea alikuwa mjane, siku ya tatu tangu mazishi. Kijana alijikuta akiomba radhi, akakata simu, na hakuweza kufanya kazi siku ile. Familia ile tulikwenda kuipa pole bila karatasi yoyote mkononi. Sasa hakuna simu inayopigwa kabla ya kuuliza kwa mhudumu wa afya wa mtaa kama mgonjwa yu hai. Maswali ya jinsi marehemu alivyofariki hungoja hadi arubaini ipite, na mjane aliye katika eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, huzungumza na wanawake wetu peke yao, nyumbani kwake, akitaka.

Alama zenyewe nazo zilikuwa na kasoro ambayo mtaalamu wa viungo aliiona Mkomani. Bibi mmoja alipewa 4, yaani hawezi kutembea wala kujihudumia bila kusaidiwa, kwa ushahidi wa binti zake watatu, ambao humlisha, humwogesha na kumshika mkono kila ainukapo. Mabinti walipokwenda jikoni kutuandalia sharubati, bibi aliinuka, akashika ukuta, akaenda kujitekea maji mtungini, akarudi kukaa. Hakuwa mtu asiyeweza. Alikuwa mtu asiyeachiwa. Upendo wa mabinti ulikuwa umeingia katika data kama ulemavu. Tumeongeza swali la pili baada ya kila swali, "Akiachiwa, aweza?", na palipo na usalama tunaomba kuona. Watu wawili hutoa alama kila mmoja peke yake, na wakitofautiana hujadiliana mbele ya muuguzi. Mabinti wale walifurahi walipoambiwa wamwache mama ajaribu, ingawa mmoja alilia.

Mkusanyaji data wa kike mmoja ameomba kupumzika mwezi mzima. Amewahesabu wagonjwa aliowafahamu tangu utotoni ambao hawapo tena, na katika bajeti yetu hakukuwa na fungu lolote la kumtunza anayebeba habari hizi nyumba hadi nyumba. Kikao cha Alhamisi sasa huanza na watu kabla ya fomu.

29 Septemba 2025: Hesabu hadi leo

Gharama ambazo hazikuwamo katika bajeti: tafsiri na nakala zilizotupwa, shilingi 52,000, mashine na mikanda ya presha, shilingi 40,000, kuzirudia fomu za saa, shilingi 62,000, safari zilizovunjwa na kusi, shilingi 27,500. Jumla ni shilingi 181,500. Anayetaka kuiga kazi hii na aombe fedha hizo mapema, na kubwa kuliko zote aiombee saa.

Matokeo bado hayajachambuliwa na sitayataja hapa. Kiongozi ameandika barua chuoni akiomba kwamba makala ya kwanza itakapotoka, sehemu ya shukrani ieleze kazi ya kila mtu kwa urefu, na kwamba nahodha na muuguzi waandikwe miongoni mwa waandishi iwapo watakubali. Muuguzi amekubali. Nahodha ameomba kusomewa kwanza kilichoandikwa.

Tumechapisha madaftari kumi kwa kufuata lile la nahodha, yenye safu nne tu: nimeitwa lini, nimeondoka lini, maji yalikuwaje, nini kimenichelewesha. Manahodha wawili wa Kizingitini wameanza kuyatumia. Daftari la kwanza lilirudi juzi likiwa limelowa maji ya bahari, na kurasa nne hazisomeki, kwa hiyo kuanzia wiki hii kila daftari linakwenda ndani ya mfuko wa nailoni, na badala ya kalamu za wino tunagawa penseli.